Nyota Tatu za Bure

Kilichonishtua ni kusikia mume wangu anashangiliwa. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, yeye yuko sebuleni peke yake, mara nikasikia umati mzima wa watu unapiga makofi na vigelegele. Nikadhani ni televisheni. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Sisi wa Kinyerezi tuko jirani kabisa na mitambo inayozalisha umeme wa nchi na bado tunakatiwa kama wengine. Nikachungulia mlangoni. Mzee amekaa kwenye kochi, simu ameilaza juu ya mapaja, vidole gumba viwili vinagonga kioo, tu-tu, tu-tu-tu, na ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo. Vigelegele vilikuwa vinatoka humo kwenye simu.

"Nani anakushangilia?" nikamuuliza.

Akafunika simu kwa kiganja. "Hakuna mtu."

Mimi ni mtu wa mashaka, sifichi. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na tisa, na mwalimu wa msingi akimwona mtoto anafunika daftari kwa kiganja, hana haja ya kuuliza mara ya pili. Sikumshuku mambo ya wanawake. Namba ya siri ya simu yake naijua, ni mwaka tuliofunga ndoa, na mwenyewe ni karani mstaafu wa masijala ambaye hata salamu anazijibu kwa ufupi wa mtu anayejaza fomu. Lakini alifunika. Basi alipoingia kuoga nikaichukua ile simu nikaifungua.

Kulikuwa na gemu mpya. Unachagua wimbo, vigae vya rangi vinaanza kushuka kutoka juu ya kioo kwa kufuata mdundo, na kila kigae kikifika kwenye mstari wa chini unatakiwa ukiguse. Ukikigusa kwa wakati wake kinapasuka kwa mwanga, na neno la sifa la Kiingereza linatokea. Wimbo ukiisha unapewa nyota, moja mpaka tatu, na watu usiowaona wanakupigia makofi. Ni hivyo tu. Mume wangu alikuwa na nyota tatu katika nyimbo kumi na moja.

Angekuwa mtu mwingine ningeirudisha simu mahali pake nikaendelea na mchele. Ila mume wangu na mapigo ya muziki ni vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana, na mimi ndiye shahidi namba moja.

Kwenye usharika wetu mimi ni mwalimu wa kwaya. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu arobaini waliovaa majoho ya zambarau, nageuka nusu ili niwaongoze wao na waumini pamoja, na mume wangu anakaa benchi la tatu upande wa kulia, palepale macho yangu yanapoangukia. Miaka yote makofi yake yanatangulia ya wenzake. Watu wanapiga pa, yeye kashapiga zamani. Wanakwaya wa sauti ya kwanza wanajiuma midomo wasicheke. Nimemkazia macho, nimemtingishia kichwa, haikusaidia. Mwishoni nikaligeuza kuwa utani. Kwenye vikao vya ukoo nimeigiza makofi yake mara nyingi mpaka watu wanafuta machozi kwa kucheka, na yeye anacheka pamoja nao.

Nilichoshindwa kukicheka ni sendofu ya binti yetu mkubwa, miaka minne iliyopita. Anayejua sherehe zetu za kumuaga binti anajua kwamba wazazi hawaingii ukumbini hivi hivi. Mnaingia kwa kucheza, wawili wawili, hatua mmeshazifanyia mazoezi, binti yuko mbele yenu na ukumbi mzima umesimama. Mume wangu aliingia akiwa mbele ya wimbo. Sisi tunaenda kushoto, yeye kasharudi kulia. Akakanyaga gauni la dada yake mkubwa, likachanika pindo, na mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Baba leo ana haraka, anataka nyumba ibaki tupu!" Ile video ilizunguka kwenye grupu la familia kwa miezi. Niliona aibu. Nilimwonea aibu mume wangu, niseme ukweli, nikakaa nayo hiyo aibu miaka minne.

Sasa kitinda mimba wetu naye alikuwa anaagwa, na mimi nilikuwa nimeshajipanga. Niliiambia kamati ya sherehe kwamba mzee ana tatizo la goti. Hataweza kuingia kwa kucheza. Atatangulia kukaa meza kuu, na mimi nitaingia na mdogo wake anayekaa Bunju, mtu mwenye miguu myepesi ambaye hakuna sherehe asiyoipamba. Kamati ikakubali kwa huruma. Mume wangu sikumwambia. Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kumwambia, na wakati mzuri ukawa hautokei.

Akaambiwa na mwenyekiti wa kamati, mbele ya watu wote, kikao kilichofuata. "Shikamoo mzee. Pole sana na goti."

Mume wangu akaniangalia. Hakukawia hata kidogo. "Marahaba. Asante, linaendelea vizuri."

Njiani kurudi hakulitaja. Nyumbani hakulitaja. Wiki ile wajumbe wawili wa kamati walipopita kwetu kuleta kadi, nikamwona mume wangu anatoka chumbani kuwasalimia huku anachechemea. Goti lake zima kabisa, na anachechemea ili mke wake asionekane mwongo. Nilienda jikoni nikafungulia maji bila sababu.

Vigelegele vya kwenye simu vilianza baada ya hapo. Kwa hiyo niliposhika ile simu nilijua kuna jambo, ila nilikuwa sijajua ni jambo gani, na nikaanza na mtuhumiwa wa karibu. Binti alipotoka kazini tu nikamwita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwekea baba yako lile gemu?"

"Aliniomba mwenyewe. Alisema anataka kitu cha kumfundisha mtu mapigo kuanzia sifuri. Ile ni rahisi mama, hata anayeanza anaiweza."

"Bei gani?"

"Bure."

"Bure ya nini?"

"Bure tu, mama jamani."

"Kitu cha bure kinakupigia makofi kila ukikigusa, na wewe hujiulizi kinataka nini?"

Akacheka akaenda kubadilisha nguo. Mimi sikucheka. Nikaamua kuichunguza ile gemu kama nilivyokuwa nawachunguza walimu wa mazoezi waliokuja shuleni kwetu, nikiwa nimekaa nyuma ya darasa na kalamu.

Siku tatu nilijifanya nafuma kitambaa huku namwangalia. Niliona ilivyo na ujanja. Wimbo wa kwanza una vigae vichache na vinashuka polepole, na kuna picha ya kidole inayokuonyesha mahali pa kugusa. Ukikosa, wimbo hausimami. Ukikosa tena, unaambiwa umekaribia. Ukiharibu kabisa, inakuuliza kwa adabu kama ungependa ipunguze mwendo. Hakuna anayekuona, hakuna anayekukazia macho. Na ukimaliza, hata kama umemaliza vibaya, kuna wimbo mwingine umefunguliwa unakusubiri. Mtu anayeanza hapati hata dakika moja ya kujisikia mjinga.

Nikalinganisha na ninavyopokea watu mimi. Kwenye kwaya yangu mgeni anapimwa sauti, halafu anakaa benchi la pembeni miezi mitatu bila kufungua mdomo. Anasikiliza, anatazama mkono wangu, anajifunza. Joho hagusi. Wengi huondoka mwezi wa pili, na mimi sijawahi kumfuata mtu kumwuliza kwa nini; nilikuwa nasema ndiyo mchujo. Ile gemu haikuwa na mchujo. Kila mtu anafaulu. Na mtihani ambao kila mtu anafaulu, sisi walimu tunajua maana yake: mtihani umevuja.

Ndiyo tuhuma niliyokuja nayo, kwamba ile gemu inadanganya wanaoanza. Inawapa sifa ambazo hawajazitolea jasho ili warudi kesho. Na mume wangu, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, ameingia kichwa kichwa. Nikaanza kupata hofu ya kweli. Je, akiamini zile nyota? Je, akija kuniambia anataka kuingia ukumbini, nami nimpinge kwa maneno gani?

Mchana mmoja alienda kunyoa, simu akaiacha inachaji. Nikakaa kwenye kochi lake. Nikafungua wimbo wa kwanza, nikafumba macho, nikawa nagonga ovyo tu, kama mtu anayeua sisimizi. Wimbo ukaisha. Nikafumbua macho.

Nyota mbili. Na makofi.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi vile ninavyofurahi nikikamata daftari lililonakiliwa. Nikataka nipate na ushahidi wa upande wa pili: mtu anayejua kweli atapewa ngapi? Nikavaa miwani, nikanyoosha mgongo, nikachagua wimbo wa hatua ya pili. Nikausikiliza vizuri, nikaushika mdundo, nikagonga kila kigae kwa umakini wote wa mwalimu wa kwaya wa miaka ishirini na mbili.

Nyota moja.

Nikarudia. Nyota moja. Nikarudia tena, nikiwa nimekunja uso, na safari hii nikasoma lile neno la Kiingereza lililokuwa linatokea chini ya vidole vyangu kila nikigusa. Lilikuwa linasema nimewahi. Umewahi, umewahi, umewahi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa wimbo. Nimefumba macho napata mbili, nimeyafumbua napata moja! Nikajua ni utapeli mtupu. Nikawaza hata kwamba labda simu imemzoea mwenyewe, inampendelea yeye na kumwonea mgeni.

"Umepata ngapi?"

Mume wangu amesimama mlangoni, kichwa kinang'aa, bado anajifuta shingo na leso. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, mimi ndiye niliyefunika simu kwa kiganja.

"Inakudanganya," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na nilitaka ajue. "Nimefumba macho kabisa, nikagonga tu, imenipa nyota mbili. Umesikia? Mbili! Zile nyota zako zote ni za bure."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Hatua ya kwanza inampaga kila mtu. Nililijua hilo siku ileile." Akakaa pembeni yangu, akavua viatu. "Ila ukishapewa mbili, kesho unarudi. Mie nikarudi. Kuanzia hatua ya nne haina utani, inakunyima kweli. Lete nikuonyeshe."

Akafungua wimbo ambao vigae vyake vilikuwa vinamwagika kama mvua ya masika. Sikuangalia kioo. Niliangalia vidole vyake na nikasikiliza, kwa sikio langu la kazi, sikio ambalo linajua nani kati ya watu arobaini amechelewa hata kidogo. Mume wangu alikuwa juu ya mdundo. Hakuwa mbele, hakuwa nyuma. Kila kidole kilianguka mahali pake. Wimbo ukaisha, ikampa mbili, na hizi zilikuwa halali yake.

Ungetegemea nimpongeze. Mimi nilishikwa na mashaka mapya, mabaya kuliko yale ya kwanza. Kama mtu huyu anaweza hivi, basi yale makofi ya kanisani miaka yote yalikuwa ni nini?

"Ulikuwa unanifanyia makusudi," nikasema. "Mbele ya waumini. Miaka yote hiyo!"

Akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Mwalimu," akasema, ndivyo anavyoniita. "Hebu simama. Inua mkono kama unavyoinuaga kanisani. Anzisha wimbo wowote."

"Nina kazi jikoni."

"Mmoja tu."

Nikasimama katikati ya sebule na kitenge changu cha kazi za ndani. Nikainua mkono, nikaushusha, nikaanzisha wimbo wa kuingilia ambao tunauimba kila mwezi. Mume wangu akaweka kiganja juu ya meza ya kahawa. Mkono wangu ulipokuwa unashuka, naye anapiga meza. Ni yaleyale makofi yake ya Jumapili, yaleyale yaliyonitia aibu, mbele ya wimbo.

"Unaona?" akasema. "Mie niko na mkono wako. Sauti yako ndiyo iko nyuma."

Na mkono ulikuwa mbele kweli. Lazima uwe mbele, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mkono wa mwalimu unatangulia kidogo kuwaambia watu arobaini kwamba sasa, ili waingie pamoja. Mwanakwaya anajua kwamba mkono ukishuka, sauti inafuata. Ndicho kitu cha kwanza wanachokipata kule benchi la pembeni. Mimi mwenyewe nimeutanguliza hivyo mpaka mazoea yameingia kwenye mifupa, ndiyo maana hata vigae nilikuwa navigusa kabla havijafika.

"Lakini waumini wengine wote wanasikiliza wimbo," nikamwambia. "Nani alikwambia utazame mkono?"

"Sikuwa natazama mkono. Nilikuwa nakutazama wewe."

Alilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya masijala, kana kwamba nimemuuliza faili liko kabati gani. Halafu akaongeza, "Humu kwenye simu wewe haupo. Kuna vigae tu. Ndiyo maana nimepatia."

Nikarudi jikoni. Sikumwamini. Kwa kweli sikutaka kumwamini, maana nikimwamini kuna mambo mengi ya nyuma itabidi niyafungue upya. Mtu aliyebanwa hutafuta jibu tamu, na hilo lilikuwa tamu mno. Nikataka ushahidi.

Vijana wa kanisa hurekodi ibada na kuziweka kwenye grupu la kwaya. Kesho yake nikajifungia chumbani na simu yangu, nikazitafuta zile ambazo kamera iligeukia waumini, nikazima sauti ili nisidanganywe na wimbo. Nilipata sita. Katika zote sita watu wanafanya vitu vya watu wa kanisani. Huyu anatazama kitabu, huyu anatazama feni, huyu anamrekebisha mtoto kola. Na benchi la tatu kulia kuna mzee amenyoosha shingo kupita kilemba cha mama aliyekaa mbele yake, macho hayabanduki mahali fulani nje ya picha, mdomo wazi kidogo. Mahali hapo ni mimi; mkono wangu tu ndio umeingia kwenye picha. Mkono wangu ukishuka pembeni ya picha, makofi yake yanashuka nao. Kwenye zote sita. Kuna moja mkono wangu ulikwama hewani kwa sababu mpiga kinanda alikosea ukurasa, na makofi yake nayo yakakwama.

Halafu nikaifungua ile ya sendofu ya mkubwa wetu, ambayo tangu siku ile sikutaka kuiona tena. Nilikuwa sijawahi kujitazama mwenyewe kwenye hiyo video, nilikuwa namtazama yeye. Sasa nikajiangalia. Tunaingia, na mimi, kwa mazoea yangu, nimeinua kidole nawaongoza walio nyuma yetu. Kidole kinatangulia wimbo. Mume wangu anakitazama kidole, anafuata, anakanyaga gauni, watu wanacheka. Na mimi kwenye ile video nageuka namtazama kwa uso ambao sikujua kama ninao.

Nililia. Na nilimkasirikia pia, kwa nini miaka yote hakusema kitu? Kisha nikakumbuka kwamba hata yeye hakuwa anajua. Ilibidi aende kukaa peke yake na kitu cha kumshangilia bure ndipo ajue kwamba vidole vyake havina kasoro.

Kikao cha mwisho cha kamati nikasimama nikasema goti la mzee limepona, ataingia na mimi. Wifi yangu, yule aliyechaniwa gauni, akasema, "Limepona? Wifi, tuambie ulisali wapi na sie twende." Shemeji wa Bunju akashika kifua. "Shemeji, suti nishashona!" Nikamwambia ataivaa, ataingia nyuma yetu. Wote wakacheka, na mimi nikakubali kuchekwa.

Tulipofika nyumbani, ikawa zamu ya mume wangu kushuku.

"Kwa nini umebadilisha?"

"Goti limepona."

"Goti langu halijawahi kuumwa."

"Ndiyo maana limepona haraka."

Hakutabasamu. Akabaki ananitazama, na neno lililokuwa linatakiwa nililijua. Nimelifundisha kwa watoto wa darasa la kwanza kwa miaka, nimewasimamisha mbele ya wenzao walitamke. Nikalizungukazunguka. "Nilikosea kuhusu lile goti," nikasema.

"Kuhusu goti tu?"

"Na makofi," nikasema. "Nisamehe."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua simu yake. Binti alikuwa ameshamtumia wimbo wa kuingilia, na jioni zote zilizobaki aliusikiliza akigonga mkono wa kochi kwa vidole, na baadaye kwa miguu, peke yake katikati ya sebule. Nilipojaribu kujiunga naye akanipa sharti moja: nisinyanyue mkono. Nikauficha nyuma ya mgongo, na kila siku nikimwona anarudia hatua zilezile bila kuchoka, nilikuwa najiuliza kama zitashika atakapowaona watu mia tatu wamesimama.

Siku ikafika. Tukapangwa mlangoni mwa ukumbi, binti mbele na mpambe wake, sisi nyuma yake, shemeji na wifi nyuma yetu. Mshereheshaji akaanza kupaza sauti, taa zikabadilika, wimbo ukaanza. Mume wangu akaruhusu mapigo manne yapite, kama alivyojifundisha, na la tano akaingia nalo.

Hakukosea. Kushoto mbili, kulia mbili, bega, rudi. Nilisikia vigelegele, na safari hii ni vya watu wa kweli, shangazi zake, majirani zetu, wale wale walioicheka ile video. Nilijaa fahari. Nikamgeukia ili tuifurahie pamoja.

Hakuwa ananitazama. Macho yake ameyatuliza kwenye mapambo ya meza kuu, midomo inahesabu. Tumefika katikati ya ukumbi hajanitupia jicho hata mara moja. Miaka thelathini na moja ya ndoa nimeshindwa kumfanya mtu huyu aache kunitazama, bila kujua, na sasa ameacha, na mimi ndiye niliyemwachisha. Nikamgusa kiwiko.

"Nitazame basi," nikasema.

"Nikikutazama nitakosea."

"Kosea."

Akatabasamu, lakini macho yakabaki mbele. "Hapana, Mwalimu. Leo ni siku ya mtoto," akasema, huku miguu inakwenda mahali pake. "Nitakosea Jumapili."

Basi nikatazama viatu vyake nikavifuata, mpaka meza kuu.

Jumapili alikuja mapema, akakaa benchi la tatu kulia. Nilipoinua mkono kwa wimbo wa kuingilia, akanyoosha shingo, na makofi yake yakatangulia kanisa zima, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Sauti ya kwanza wakajiuma midomo. Mimi sikumkazia macho. Niliendelea kuongoza, nikimtazama, na mpaka leo sijui kama siku ile alikosea au alinifanyia makusudi. Natamani kujua, na naogopa kumuuliza asije akaacha.